Broussard Anataka San Diego

Sheldon Prager aliingia ofisini kwa Harlan Jumanne ya kwanza ya Januari, theluji bado iko mabegani, akakataa kahawa, akakataa kiti, akasema, "Mteja wangu anataka kuhama. Anataka San Diego. San Diego, basi."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na faili mapajani. Naitwa Danuta Kaczor, Dani kwa wanaonijua, na kazi yangu katika timu ya mpira wa kikapu ya Wahunzi wa Buffalo ni kujua kanuni: mkataba wa nani unaisha lini, nani anaweza kubadilishwa na nani, ligi itatukatalia nini. Meneja mkuu anaamua. Mimi namwambia kama inaruhusiwa. Meneja mwenyewe, Harlan Stubbs, alikuwa mchezaji zamani. Ni pande la mtu lenye magoti mabovu, na tangu alipoacha sigara hajawahi kuonekana bila kijiti cha meno mdomoni.

"San Diego," Harlan alirudia. "Wale walioshinda mechi ishirini na tisa tu mwaka jana?"

"Najua kuhesabu, Harlan."

"Na mimi najua kusoma. Mkataba wake una miaka miwili baada ya msimu huu. Nikikataa?"

Prager alivaa glavu zake kidole kwa kidole. Wakala huyu ana wateja kumi na saba na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. "Msuli wa paja ni kitu cha ajabu," alisema. "Leo mzima, kesho umekaza. Na kwenye picha za hospitali hauonekani."

Akatoka. Harlan akanigeukia. "Umesikia tishio hilo?"

"Nimesikia. Lakini kwa nini San Diego?"

"Sijauliza na sitauliza. Sababu haifungi vikapu, Dani."

Hapo ndipo tulipotofautiana mimi na yeye. Nilikuwa nimemtazama Marquel Broussard akicheza Buffalo kwa miaka sita. Fowadi wetu, nyota wetu, mtu wa Lake Charles, Louisiana, aliyefika hapa akiwa hajui koleo la theluji linashikwaje na sasa anawasafishia majirani njia. Hakuwa mpenda anasa. Hakuwa amegombana na kocha. San Diego haina ubingwa wa kumpa. Basi anafuata nini huko?

Habari ilivuja Alhamisi, kama zinavyovuja zote, na mji ukachafuka. Redioni bwana mmoja wa kitongoji cha Cheektowaga alipiga simu akaanza kwa matusi akamaliza kwa kilio. Ijumaa tulikuwa na mechi nyumbani. Broussard alipoitwa jina, uwanja mzima ulimzomea. Waliovaa fulana zake walizivua wakazigeuza nje ndani.

"Nenda zako! Ufukwe unakusubiri!" alimpigia kelele mama mmoja nyuma ya benchi letu, mtu mzima wa kuheshimika, mkononi ana sahani ya mabawa ya kuku.

Broussard alifunga pointi arobaini na moja. Alirukia mipira iliyokwishatoka nje, akaanguka kwenye meza ya waandishi, akainuka akicheka. Robo ya tatu zomeazomea zilikuwa zimepungua. Robo ya nne watu walikuwa wamesimama wanaliimba jina lake, na yule mama amemsahau kuku wake.

Asubuhi yake Prager alinipigia mimi, si Harlan. "Dani, niambie kitu. Huyu mtu anaumwa kichwa?"

"Wewe ndiye wakala wake."

"Nimempa silaha moja tu. Moja! Akae chini wiki mbili, ashike paja, akunje uso. Badala yake anarukia meza! Nani atamwonea huruma mtu anayerukia meza?"

Prager alikuwa na haki ya kulalamika. Mchezaji mwenye mkataba mrefu hana nguvu nyingine ila kutokuwa na faida. Akikaa benchi, kila siku inayopita timu inapoteza mechi na tiketi, mpaka meneja anachoka na kumwachia. Akicheza vizuri, meneja ana haraka gani? Broussard alikuwa anataka kuondoka na wakati huohuo anatupa kila sababu ya kumng'ang'ania.

Na sisi tulikuwa na shida yetu. Ni kama kuuza nyumba huku mji mzima unajua mnunuzi ni mmoja. Timu nyingine zilitupigia, zikauliza kwa adabu, zikasikia "San Diego tu," zikakata simu. Nani atoe wachezaji wake wazuri kwa mtu ambaye mkataba ukiisha ataondoka? Kwa hiyo Kip Aldana, meneja wa San Diego, alikaa kwenye jua lake akatutumia ofa ya kutia kinyaa: mchezaji mmoja wa benchi, mwingine majeruhi, na nafasi moja ya kuchagua chipukizi baada ya miaka minne.

"Kip, bwana, hii ni ofa au ni matusi?" Harlan alimuuliza kwenye simu. Alikuwa ameweka sauti ya wazi ili nisikie.

"Biashara haigombi, mzee. Nipe sababu ya kuongeza. Kuna mwingine anayemtaka? Hayupo. Nitasubiri."

Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa Alhamisi ya pili ya Februari, saa tisa alasiri. Tulikuwa na wiki nne na ushei. Ofisini kila mtu alikuwa na nadharia yake. Daktari wa timu alisema ni magoti, yanataka joto. Kocha msaidizi alisema amenunua shamba la maparachichi. Mama yangu, ambaye mechi huziangalia huku anafunga pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, na jikoni kwake hakuna siri ya mji isiyopita, alisema, "Mwanamume hahami nyumba nzuri bure. Kuna mtu."

Jumapili ya tatu ya Januari nilimtembeza mbwa wa mama kwenye bandari ndogo ya mashua, ambako maji ya ziwa huganda na wavuvi huketi juu ya ndoo. Katikati ya wavuvi niliona mtu mrefu kuliko wote, amejifunga skafu mpaka puani, anazungusha keekee ya kutobolea barafu. Pembeni yake mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu amepiga magoti, anateremsha chupa kwa kamba tunduni.

"Usiinamishe, Marquel! Wima! Mara ngapi nikwambie?"

"Mikono imeganda, mama."

"Mikono ya dola milioni hamsini hiyo, haiwezi kutoboa shimo?"

Nilicheka kabla sijajizuia. Broussard aligeuka akanitambua. Nikadhani atakasirika. Akanyanyua keekee kama anayejisalimisha. "Dada Dani. Umetumwa?"

"Nimetumwa na mbwa."

Yule mwanamke alikuwa mkewe, Corliss. Nilikuwa nimeshaonana naye kwenye karamu za timu, mtu wa kukaa kwenye kona na soda, na kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza anafanya nini. Siku ile nilimuuliza. Alisema yeye ni mtaalamu wa mimea ya baharini, hasa ule mwani mkubwa unaoota kama msitu chini ya maji. Buffalo hakuna bahari. Kwa hiyo chuo kimoja hapa kilimpa kibarua cha kupima maji ya ziwa, siku mbili kwa wiki, na msaidizi wake hulipwa kwa chai.

"Chai yenyewe ya kwenye chupa ya moto," Broussard alisema.

Bahari ya San Diego ikanijia kichwani, na kila kitu kikajipanga. Lakini kabla sijafungua kinywa nikakumbuka mimi ni nani. "Ngojeni," nilisema. "Nina swali, na nataka sana kujua jibu lake. Ila mkiniambia, nitamwambia Harlan. Ndiyo kazi yangu. Msije mkasema nimewaibia."

Broussard alimtazama mkewe. "Prager alisema tusimwambie mtu. Ukimwonyesha mtu unapoumia, atakubana palepale."

"Prager, Prager," Corliss alisema, akiinuka na kukung'uta theluji magotini. "Mimi nimechoka kufichwa kama ugonjwa. Dada, uliza."

"Ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu. Kuna taasisi ya bahari pale. Waliniita kabla hatujaoana, nikakataa kwa sababu yeye alikuwa anaanza. Wakaniita tena mwaka tuliohamia hapa, nikakataa, nikaja kupima matope. Mwaka jana wameniita mara ya tatu. Mtu haitwi mara nne. Naanza Septemba, aje asije."

"Nilimwahidi," Broussard alisema. "Nilimwambia zamu yangu ikiisha, inakuja yako. Sasa zamu yangu haiishi, kwa hiyo ni lazima niikate."

"Na kwa nini msiseme hivyo? Watu wangeelewa."

Corliss alicheka cheko kavu. "Wangeelewa nini? Wangesema mkewe ndiye kamwondoa. Ningezomewa dukani mpaka kwenye foleni ya mkate."

Lakini swali jingine lilikuwa bado linaniwasha. "Na wewe, Marquel. Kama unataka kuondoka, kwa nini unacheza hivyo? Prager anakaribia kulia."

Alifikiri, akizungusha keekee mkononi. "Nikikaa benchi, thamani yangu inashuka, nyinyi mnapata makapi, na watu wa hapa ndio wanaobaki na makapi hayo. Wananijua, dada. Wanajua mayai yangu nayataka vipi." Akaegemea keekee. "Halafu, mimi napenda kucheza. Msidhani kila kitu ni mbinu."

Jumatatu asubuhi nilimwambia Harlan yote. Alisikiliza bila kutafuna kijiti, jambo ambalo ni nadra.

"Septemba," alisema mwishoni.

"Septemba."

"Kwa hiyo si San Diego kwa sababu ya San Diego. Ni mke. Na mke anaondoka, yeye aje asije." Alisimama, akaenda dirishani na yale magoti yake. "Basi tumemshika, Dani! Nikimnyima Februari, kiangazi atakuja kunipigia magoti. Prager hana kitu. Msuli wa paja hautaumwa, maana mwenyewe hataki uumwe. Nitamwambia aongeze mwaka mmoja hapa, halafu ndio nimruhusu."

Niliwaonya, kweli, na Corliss alisema niulize. Lakini kuonya ni kitu kimoja na kuona mtu anaipima kamba ni kingine. Nilikuwa nimechukua jambo la watu wawili kwenye barafu nikalileta mezani, na sasa linageuzwa mtego mbele ya macho yangu.

"Utapata mwaka mmoja," nilisema, "wa mtu anayelala peke yake na kukuchukia. Halafu ataondoka bure."

"Unanihubiria?"

"Sikuhubirii. Nakuuliza. Ulisema sababu haifungi vikapu. Sasa unayo sababu mkononi, na kitu pekee unachoona cha kuifanyia ni kumnyongea mtu? Njoo uone hii."

Nilikuwa nimechapisha ramani usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikaitandaza mezani. Nikaweka kidole kwenye taasisi ya Corliss, kwenye mwamba juu ya bahari. Nikaweka kingine Anaheim, kaskazini, kwenye pwani ileile, ambako kuna timu nyingine ya ligi yetu.

"Maili tisini na kitu," nilisema. "Saa moja na nusu kukiwa hakuna foleni. Prager alisema San Diego tu, kwa hiyo Anaheim hawajapiga hata simu. Lakini Broussard hahitaji timu ya San Diego. Anahitaji kulala nyumba moja na mkewe. Ukitaja mji, mnunuzi ni mmoja. Ukitaja nyumba, wanunuzi ni wawili. Na wakiwa wawili, Kip hawezi kukaa juani akisubiri."

Harlan alitazama ramani kwa muda mrefu. Alipima umbali kwa kijiti cha meno, akakisogeza mara mbili. Saa ya ukutani ilisogea dakika kumi nzima.

"Huruma siiwezi," alisema hatimaye. "Lakini ramani naielewa. Waite."

Walikuja watatu Jumatano: Broussard, Corliss, na Prager ambaye uso wake ulikuwa mwekundu kabla hajavua koti.

"Mmezungumza na mteja wangu juu ya barafu!" aliniambia. "Bila mimi!"

"Nilimwambia aulize," Corliss alisema. "Keti, Sheldon. Kuna kahawa."

Harlan aliwaeleza mpango. Tutawaruhusu Anaheim wazungumze na Broussard. Broussard atawaambia kwamba akiletwa kwao yuko tayari kusaini mkataba mpya. Anaheim watatoa ofa ya maana, Kip ataisikia, ataingiwa na hofu, atapandisha yake. Broussard anafika San Diego, Buffalo wanapata wachezaji, kila mtu anakula.

Prager, ambaye hajui kununa kazi nzuri ikipita mbele yake, alianza kutikisa kichwa kukubali, polepole. "Inaweza kukubali," alisema.

"Swali," alisema Corliss. Wote tukamgeukia. "Mnamtaka awadanganye Anaheim, au awaambie kweli?"

Harlan alitoa kijiti mdomoni. "Kweli, mama. Uongo Kip ataunusa kutoka kule. Na Trudy Nakagawa wa Anaheim nimefanya naye biashara miaka kumi na tano, simuuzii hewa."

"Basi ina maana anaweza kuishia Anaheim."

"Anaweza."

"Siyo tishio, basi. Ni uamuzi."

Broussard alijikuna shingo. Anachukia kuendesha gari. Hilo kila mtu kwenye timu analijua, tangu alipoligonga basi letu wenyewe kwenye maegesho. "Foleni ya kule ikoje?" aliuliza.

"Mbaya," alisema Prager.

"Mbaya mno," alisema Corliss. Alivuta ramani yangu kwake akaikagua kama anavyokagua chupa zake. "Hapa katikati kuna mji unaitwa Oceanside. Wewe ungeendesha kidogo zaidi, mimi kidogo pungufu. Sikuombi ufanye hivi, Marquel. Nakuonyesha tu."

"Kidogo zaidi ni dakika ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Dakika ishirini zamu yako inazistahili," alisema, na akamgeukia Harlan. "Wapigie, mzee. Lakini nikisema ndiyo kwa Anaheim, ni ndiyo. Usije dakika ya mwisho ukaniuliza tena."

Trudy Nakagawa alishika simu akidhani Harlan anamtania. Baada ya kuzungumza na Broussard kwa dakika arobaini alipiga tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufuta ratiba ya wiki. Ofa yake ya kwanza ilikuwa na Jory Whitlow, mlinzi wa miaka ishirini na mbili mwenye macho ya kuona pasi kabla haijazaliwa, pamoja na nafasi mbili za chipukizi. Nilipolisoma jina lake kwenye karatasi nilirudia kulisoma.

Harlan alimpigia Kip akampa habari, moja kwa moja, bila mapambo.

Kip alicheka. "Anaheim! Mzee, mnaniigizia. Kijana kasema San Diego, magazeti yote yameandika San Diego, na sasa, siku tisa kabla ya dirisha, ghafla anaipenda Anaheim? Aliyekuandikia mchezo huu nani?"

"Mtu wa kanuni wangu."

"Mpe salamu. Mwambie hauniingii."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria Kip ataogopa. Sikuwa nimefikiria kwamba uvumi wetu wenyewe wa San Diego-basi umemtia upofu. Tulikuwa tumesema jambo moja kwa sauti kubwa kiasi kwamba ukweli ulipokuja ulifanana na uongo. Harlan alimwambia ampigie Prager. Kip alimpigia, Prager akathibitisha, na kwa kuwa Prager ni Prager, Kip hakumwamini hata yeye.

Siku zikaenda. Broussard alicheza mechi nne na tukashinda tatu. Siku ya Jumanne Kip aliongeza nafasi ya pili ya chipukizi. Jumatano aliongeza mchezaji wa benchi mwingine. Alikuwa na mlinzi mmoja mzuri tuliyekuwa tunamtaka, lakini huyo hakumtia kwenye ofa.

Alhamisi tulikuwa ofisini tangu alfajiri. Theluji ilikuwa inapiga madirisha kwa ubavu. Saa nane na nusu mchana, yaani nusu saa kabla ya dirisha kufungwa, ofa zote mbili zilikuwa mezani na mimi nilikuwa nimezihakiki mara tatu. Zote zinaruhusiwa. Ya Anaheim ilikuwa bora, na kwa mbali.

Harlan alikuwa anaitazama simu. Nilimjua vya kutosha kuona kinachomsumbua, ijapokuwa asingekubali kwa kinywa chake. San Diego ndiyo waliyoitaka Broussard na mkewe. Ofa ya Kip haikuwa matusi tena. Ilikuwa mbaya tu ya kawaida. Angeweza kuichukua, na mji ungelalamika wiki moja.

"Alisema nisimuulize tena," Harlan alisema.

"Alisema."

Akamuuliza. Alipiga, akaweka sauti ya wazi. Nyuma ya Broussard kulikuwa na mlio wa sufuria na redio inayomtaja yeye mwenyewe.

"Marquel, Kip hapandi. Anadhani tunamdanganya. Naweza kukupa San Diego sasa hivi, tupate kidogo, yaishe. Au Anaheim."

Sufuria ilinyamaza. "Mzee, nilikwambia usiniulize."

"Nimekuuliza."

"Whitlow yumo kwenye ya Anaheim?"

"Yumo."

Tulimsikia akifunika simu, tukasikia sauti ya Corliss, maneno hayakushikika. Kisha akarudi. "Nilimwambia yule mama wa Anaheim kweli. Siwezi kuwa nilisema kweli mpaka saa nane na nusu tu. Mpeni."

Dakika kumi na moja kabla ya saa tisa nilituma karatasi ligi. Dakika nne kabla ya saa tisa simu ya Harlan ikalia. Alikuwa Kip, na safari hii hakuna kicheko. "Mchukueni mlinzi! Mchukueni na nafasi tatu! Harlan? Mzee? Nasema mchukueni!"

"Kip, mwanangu," Harlan alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "kijana keshahama."

Alikata simu, akacheka mpaka akakohoa, halafu akaitazama simu. Nilidhani amefurahi tu. Baadaye aliniambia alikuwa anafikiria namna gani angejisikia kama Kip angepiga dakika ishirini mapema. Alisema hajui kama angemshukuru au angemlaani, na kwamba nisimuulize.

Broussard alituaga siku iliyofuata. Alipita kila chumba, hadi kwa wafua fulana. Mjini mambo yalikuwa mchanganyiko: wengine walimlaani, wengine walisema afadhali katuachia Whitlow. Corliss ndiye aliyetushangaza. Alikwenda mwenyewe kwenye redio ileile, akaeleza kwa dakika tisa kazi yake ni nini na aliikataa mara ngapi. Simu zilizofuata hazikuwa za maua zote. Mmoja alimwambia mwani si kazi. Lakini yule bwana wa Cheektowaga alipiga, akasema mke wake alifanya kazi ya usiku miaka kumi na minane ili yeye asome ufundi, na hakuwa amewahi kumuuliza zamu yake ni lini. Akakata simu akisema anakwenda kumuuliza.

Novemba timu yetu ilisafiri kwenda Anaheim, tukafika siku moja kabla ya mechi. Broussard alinialika Oceanside kwa chakula cha jioni. Nilimkuta jikoni na aproni, anakoroga gumbo ya kwao Lake Charles, kamba na bamia na soseji, akilalamikia barabara kwa majina yasiyoandikika.

"Leo nimeendesha saa mbili na dakika kumi! Mbili, dada! Nimesikiliza mihadhara yake yote ya mwani kwenye gari. Sasa hivi naweza kupewa cheti."

"Unajuta?"

"Kila asubuhi, kuanzia kona ya kwanza mpaka naegesha." Alionja mchuzi, akaongeza chumvi. "Niambie kitu. Siku ile ulipomwambia mzee habari zetu. Angenibana kweli?"

Niliwaza kumfichia. "Ndiyo," nilisema. "Kwa dakika kama kumi hivi."

"Kumi tu?" Alicheka, akafunika sufuria. "Mimi nilidhani wiki."

Mlango ukafunguka. Corliss aliingia na nywele zimelowa, mabuti mkononi, mchanga mpaka kwenye nyusi, akanibusu shavuni akanuka bahari tupu. Alikuwa anazungumza kabla hajavua koti: wameteremka leo mita kumi na nane, msitu wa upande wa kusini ulikuwa umekufa miaka mitatu na sasa unachipua tena, hakuna anayejua kwa nini, na kesho alfajiri anarudi kuangalia.

"Kwa nini unachipua?" nilimuuliza.

"Nimekwambia hakuna anayejua," alisema, akavuta kiti karibu na changu. "Keti nikwambie ninavyodhani."